Nukta 300 si Sheria ya Kila Bango

Hoja inayorudiwa katika miongozo mingi ya uchapaji, kwamba picha ya kompyuta inayoonyesha jengo kabla halijajengwa haifai kuchapwa bila kufikia nukta 300 kwa kila inchi, haikubaliki, kwa kuwa inapuuza umbali wa mtazamaji. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya nyuzi, yaani karibu milimita 0.6 kwa mtu aliye mita 2 kutoka kwenye picha; hivyo, bango la jengo la soko likisimamishwa kando ya barabara Lukozi, wilayani Lushoto, ambako wauza mboga na wapita njia hulitazama kutoka mita kadhaa, hata nukta 100 zinatosha na kubaki.

Karatasi ya A0, yenye milimita 841 kwa 1189, huhitaji pikseli, yaani vijiraba vya rangi vinavyounda picha, zipatazo milioni 139 kwa nukta 300, lakini milioni 35 tu kwa nukta 150, na tofauti hiyo ni saa za kompyuta ambazo ofisi ndogo ya wasanifu haina sababu ya kuzipoteza.

Kinachoua ukali hasa ni kuikuza picha ndogo kwa programu, jambo lisiloongeza undani wowote wa kweli, na kuyageuza maandishi na mistari ya vipimo kuwa pikseli badala ya kuviacha katika vekta, yaani michoro inayohifadhiwa kihesabu na kukuzwa bila kufifia. Anayestahili nukta 300 ni mteja anayeisoma ramani akiwa ameiinamia mezani.