Kura ya Maore haikufunga mjadala
Mwandishi ninayemjibu anaitaka Komoro iache kukidai kisiwa cha Maore (Mayotte), kilicho chini ya Ufaransa, kwa kuwa Wamaore wenyewe walikwisha kupiga kura. Nakataa. Kura ya Desemba 1974 ilipigwa na visiwa vyote vinne, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walitaka uhuru. Uamuzi wa kuyazingatia matokeo kisiwa kimoja kimoja ulikuja baadaye, matokeo yakiwa yamekwisha kujulikana. Umoja wa Mataifa ulipoipokea Komoro Novemba 1975 uliitaja Maore kwa jina. Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuzuia azimio lililoitetea Komoro. Ni kweli, Wamaore wengi walichagua kubaki na Ufaransa, na sauti yao haifai kupuuzwa. Lakini aliyezigawa kura hizo ni Paris.

Halafu mwandishi anaiita viza ambayo Ufaransa inawadai Wakomoro wanaokwenda Maore utaratibu wa kawaida tu! Kabla ya viza hiyo kuwekwa mwaka 1995, mama wa kisiwa cha Nzwani alivuka kilomita 70 hivi kwenda Maore kumzika nduguye bila kuomba ruhusa ya mtu. Leo anapanda kwasakwasa usiku, boti nyembamba ya mashine iliyojaa hadi maji yanachungulia ukingoni, mtoto kamfunga kifuani kwa leso. Wengi wamezama humo, ndugu kwa ndugu, wakienda kwao.