Bastola ya Mfukoni si Ngao ya Mwalimu

Kila mara walimu wanaposhambuliwa, huzuka swali lile lile: je, mwalimu naye asipewe silaha ya kujihami? Na kwa kuwa hakuna mzazi ambaye angependa kumwona mwalimu akiingia darasani na bunduki begani, watetezi wa wazo hilo hupendekeza bastola ndogo kabisa, ile iwezayo kufichwa katika mfuko wa koti au mkoba wa mkononi. Hoja hii yafaa ipimwe kwa utulivu, maana wanaoitoa si wapumbavu, na hofu inayowasukuma ni ya kweli.

Itakumbukwa kwamba mnamo tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 waliteremshwa kutoka kwa basi karibu na mji wa Mandera na kuuawa. Wengi wao walikuwa walimu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipoteza maisha katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wakiwa wanafunzi. Huko Marekani nako, watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa katika shule moja mjini Nashville mnamo Machi 2023. Mwaka uliofuata, jimbo la Tennessee lilipitisha sheria inayomruhusu mwalimu kubeba bastola iliyofichwa, mradi apate idhini ya wakuu wake na afunzwe kwa muda wa saa 40 kila mwaka.

Hapana budi kukiri kwamba bastola ndogo ina sifa zake. Mwanzoni mwa karne ya 20, John Browning alibuni bastola ya mfukoni yenye risasi ya kipenyo cha milimita 6.35. Ile iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka wa 1908 ilikuwa na uzito wa takriban gramu 370 tu. Silaha ya aina hiyo haimchoshi mbebaji, haionekani chini ya nguo, na haiushtui mkono sana inapofyatuliwa, hivyo kwamba hata mtu asiye na nguvu nyingi aweza kulenga shabaha tena upesi. Aidha, watetezi wake husema kwamba bastola ndogo uliyo nayo ni bora kuliko bunduki kubwa uliyoiacha nyumbani. Kwa mtu mmoja aliyevamiwa na mhalifu mmoja umbali wa hatua mbili tatu, msemo huo una ukweli ndani yake.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Risasi ya milimita 6.35 ina uzito wa gramu 3.2 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 230 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi wa fizikia akipiga hesabu atapata nishati ya takriban jouli 85. Risasi ya kawaida ya milimita 9 hukaribia jouli 500, na ile ya bunduki aina ya AK-47 hufikia jouli 2,000. Nani basi atakayethubutu kumtuma mwalimu wa Kiswahili akabiliane na genge lenye bunduki za kivita kwa kifaa kama hicho? Risasi ndogo yaweza kuua, lakini mara nyingi haimwangushi adui papo hapo. Naye adui aliyejeruhiwa bila kuangushwa bado ana kidole juu ya kifyatulio chake.

Hapa lugha yenyewe yaweza kutuongoza. Katika kitenzi "kujihami", kiambishi "ji" hulirejesha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Anayejihami hujikinga yeye. Sifa zote za bastola ya mfukoni zimo ndani ya kiambishi hicho kimoja. Lakini wajibu wa mwalimu haukomei katika kujihami. Mwalimu anatakiwa kuwahami wanafunzi hamsini walio mbele yake. Ukiiondoa "ji" hiyo, bastola ndogo haina tena la kujivunia.

Fauka ya hayo, kufichika si sifa ya mtu mwema peke yake. Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865 kwa bastola ndogo ya mfukoni iliyotengenezwa na Henry Deringer wa Philadelphia. Jina la fundi huyo limekuwa nomino ya kawaida katika Kiingereza, nayo hukumbukwa zaidi kwa mauaji hayo kuliko kwa mtu yeyote aliyejiokoa kwa silaha hiyo. Vilevile, kifaa kinachotoshea mfukoni mwa mwalimu kinatoshea pia mfukoni mwa mwanafunzi aliyekiokota mezani au aliyekichukua kwa hasira.

Isitoshe, sheria zetu hazifanyi mzaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti kabla ya kumiliki bastola, iwe kubwa au ndogo. Anayefyatua risasi kwa kujihami hupimwa kwa kanuni ya kwamba nguvu aliyotumia ilikuwa ya lazima na haikupita kiasi. Mwalimu atakayempiga mwanafunzi kwa bahati mbaya katikati ya vurugu atajibu nini mbele ya hakimu, na atamjibu nini mzazi?

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mwalimu anayetumwa Mandera, Wajir au Baringo anahitaji ua imara, lango lenye askari waliofunzwa, nyumba ndani ya shule, ulinzi barabarani wakati wa kwenda likizo na kurudi, na simu inayopokelewa anapoomba msaada. Hayo ni madai ambayo vyama vya walimu vina haki ya kuyadai na serikali ina wajibu wa kuyatimiza. Kumkabidhi mwalimu bastola ya gramu 370 ni kumtwika peke yake mzigo ambao ni wa taifa zima, kisha kumlaumu utakapomwelemea.