Gitare Si Kitu cha Wahuni

Hapa Saio ukipita njiani na gitare mkononi, watu wanasema: "Huyu, masomo yamemshinda." Na wenzetu wengine darasani wanasema gitare ni ya Kinshasa na Lingala tu, Kiswahili ni cha soko na cha kuhubiri. Mimi sikubali.

Nani kati yenu anamjua Mwenda Jean Bosco? Wachache, najua. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, Katanga, mji wa mfalme Msiri. Alikuwa karani wa ofisi, si muhuni. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Hapo wimbo "Masanga" ukaingia kwenye sahani.

Mkubwa wangu anao ndani ya telefone. Mara ya kwanza nilimwambia: "Hawa ni watu wawili." Akacheka sana. Ni mtu mmoja, na mkono wa kuume ni vidole viwili tu! Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, kidole cha pili kinaimba juu kwenye nyuzi nyembamba, na kila kimoja kina njia yake. Nimejaribu wiki tatu. Gumba langu linafuata mwenzake kama mbuzi wa kamba.

Sahani zake zilifika Kenya, vijana wa kule wakaiga vidole vyake, na mwenyewe alikaa Nairobi muda kidogo. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Na nyimbo zake nyingi ni Kiswahili, kile chetu cha Kongo ambacho wengine wanakionea haya! Franco wa Kinshasa alikuwa mkubwa, sikatai, hata kampuni zake za kutoa sahani alikuwa nazo. Lakini Franco alikuwa na orkestra nzima. Bosco, mpaka ajali ya gari ilipomuua Zambia mwaka 1990, alitosha yeye na gitare moja. Hiyo hata sisi tunaweza kuanza nayo.

Sasa neno kwa wakubwa wa masomo, kwa heshima. Gitare ya kwaya inalala kabatini toka Jumatatu mpaka Jumamosi. Tunaomba saa moja tu, Jumatano kisha kazi za mikono, mwalimu mmoja akae pamoja nasi. Uzi mmoja umekatika, huo tutachanga sisi wenyewe.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano