Makohozi ya mwanao yasomwe popote, jina lake libaki hapa

Wiki hii ninalo swali la mama mmoja wa Bonga, hapa Babati: "Daktari, mwanangu anameza dawa za kifua kikuu huu mwezi wa pili, bado anakohoa. Hivi hizi dawa zinamfaa kweli?"

Ni swali la haki. Kipimo cha GeneXpert hutuambia ndani ya saa mbili hivi kama vimelea vipo na kama ni sugu kwa rifampisini. Kwa dawa nyingine, mara nyingi tunasubiri vimelea vioteshwe maabara, kazi ya wiki kadhaa.

Ipo njia ya kusoma vinasaba vyote vya kimelea, herufi kama milioni 4.4. Mara nyingi kimelea bado huoteshwa kwanza, lakini usomaji mmoja huonyesha usugu wa dawa nyingi kwa pamoja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mabadiliko ya vinasaba yanayoleta usugu huo.

Ugumu ni kwamba mashine ya kusoma hutoa mamilioni ya vipande vya herufi. Kuvipanga kunataka kompyuta kubwa na programu nyingi zinazopokezana kazi. Je, kila hospitali inunue? Mkulima wa Bonga mwenye ekari mbili za mahindi na mbaazi hanunui trekta, anakodi. Kompyuta nazo hukodishwa kupitia intaneti. Wataalamu huziita "wingu".

Naunga mkono tukodi, kwa masharti mawili.

Kwanza, jibu lisibadilike. Programu iliyozoea kompyuta moja ikihamishwa inaweza kukwama, au toleo jipya likatoa jibu tofauti. Hivyo zifungashwe pamoja, kila moja na toleo lake, kisha zijaribiwe kwa sampuli za zamani ambazo majibu yake tunayajua. Zikikosea, zisimguse mgonjwa. Jibu lisilo sahihi humpa mtoto dawa isiyomsaidia.

Pili, siri ya mgonjwa. Makohozi hubeba pia vinasaba vya mwenye nayo. Hivyo viondolewe, na jina libaki kwenye faili la hospitali, kabla chochote hakijatumwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za vinasaba kuwa nyeti.

Mzazi, una haki ya kuuliza: sampuli ya mwanangu inakwenda wapi, na nani ataona jina lake?

Mama yule nilimwambia asiache dawa hata siku moja, tukachukua makohozi mapya. Tunasubiri jibu. Nawe, ukiona kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.