Vidonge vya Mifupa: Ni vya Nani?

Mama mmoja wa kanisani kwetu, anayekaa ghorofa ya pili hapa Mji Mkongwe, aliteleza ngazini akavunjika kifundo cha mkono. Mwanawe aliyeko London akamletea vidonge vya alendroneti, kimoja kwa wiki. Alipomeza viwili kifua kikamchoma, akavifungia kabatini. Sasa anauliza: avitupe?

Hedhi ikishakoma, homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa hupungua, na mfupa huliwa upesi kuliko unavyojengwa. Alendroneti hupunguza ulaji huo. Aliyevunjika kwa kuanguka kidogo tu ana hatari kubwa ya kuvunjika tena, pengine nyonga. Na bibi aliyevunjika nyonga mara nyingi hazipandi tena ngazi zetu hizi za mbao. Kwa mama kama huyu dawa ina faida kubwa. Lakini wewe unayeumwa mgongo kwa kuinamia mwani kule Paje, usimwombe vidonge vyake! Mgongo kuuma peke yake si dalili ya mifupa kupungua.

Nilipomwuliza alimezaje, alisema kwa chai ya maziwa, kisha akajilaza. Kidonge hiki humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa gilasi nzima ya maji matupu, na kwa nusu saa usile wala usilale. (Nusu saa hiyo yatosha kwa sala ya asubuhi.) Kikikwama huichoma njia ya chakula. Kifua kikiuma, acha kumeza umwone daktari. Mwenye ugonjwa wa figo pia asianze bila kupimwa.

Madhara mengine ni nadra: taya kutopona baada ya kung'oa jino, na paja kuvunjika kwa waliotumia miaka mingi. Basi jino bovu litibiwe kwanza, maumivu ya paja yasipuuzwe, na baada ya miaka 5 daktari aangalie kama bado kuna haja.

Ninayoiogopa zaidi ni sindano ya denosumabu, ya kila miezi 6. Ni dawa nzuri, lakini ukiiacha ghafla pingili za mgongo zaweza kuvunjika. Kama sindano ya pili inamngojea mgeni kutoka Ulaya, afadhali usianze.

Dagaa wa kuliwa na mifupa yao na kamba ya kushikia ngazini vinafaa sote, ila aliyekwisha kuvunjika havimtoshi. Mama yetu nimemwambia asivitupe, wala asimeze kingine kwanza. Aende Mnazi Mmoja na boksi lake, aeleze kile kifua, apimwe figo na kalsiamu.