Siku ya tatu si Jumatatu

Kwetu Kolwezi ukiambiwa "tuonane siku ya tatu", usije Jumatatu, utakuta mlango umefungwa. Siku ya tatu ni mercredi. Wiki ya ukanda wa shaba inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya kazi hadi siku ya tano, kisha inakuja siku ya posho, jina lililobaki kutoka enzi wafanyakazi wa Union Minière walipogawiwa chakula, na mwisho siku ya yenga, ya mapumziko. Anayesema Jumatatu anahesabu tangu Jumamosi. Lugha ni moja, lakini kati ya "tatu" hizo mbili kuna siku mbili.

Tumezoea kuliita jambo hili suala la lahaja na kulifungia katika somo la lahaja. Mimi naona limekuwa suala la kompyuta, na sisi wa isimu tumewaachia watu wa informatiki bila sababu.

Programu inapoanza kwenye Linux, mzazi wake (ndivyo wenyewe wanavyomwita) anaipa nakala ya vigezo vya mazingira: majina na thamani zake. Kimojawapo ni LANG. Hicho ndicho kinachoamua majina ya siku na miezi, na jinsi maneno yanavyopangwa kialfabeti. Kikibaki na thamani ya C, amri ya kupanga inaweka herufi kubwa zote mbele, na "Zambia" inatangulia "asubuhi". Kwa anayetengeneza orodha ya msamiati, hilo si dogo.

Neno la kushika hapo ni nakala. Mwanafunzi anaandika skripti yenye mstari export LANG=sw_TZ.UTF-8, anaiendesha, na hakuna kinachobadilika. Skripti ilizaliwa kama mtoto wa sheli, ikabadilisha nakala yake yenyewe, ikafa nayo. Ili sheli yenyewe ibadilike, inabidi iisome skripti hiyo kwa amri ya nukta. Hata hapo, programu ya kunukuu mahojiano iliyokwisha kufunguliwa haitasikia lolote, na ile inayofunguliwa kwa kubofya picha kwenye menyu kwa kawaida haipitii faili la .bashrc. Programu inayoendelea kufanya kazi lazima ijitafutie: iite sheli, sheli isome skripti na kutoa orodha nzima kwa env -0 (thamani moja inaweza kuwa na mistari miwili, kwa hiyo usigawanye kwa mistari), kisha programu iingize thamani hizo ndani yake. Bado haijaisha. Katika Python, kubadilisha os.environ peke yake hakubadilishi majina ya siku. Ni lazima kuita locale.setlocale(locale.LC_ALL, '') ili mazingira yasomwe upya. Hatua hiyo ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Sasa tuseme umefanya yote sawasawa. Utaweka thamani gani? Fungua faili la /usr/share/i18n/SUPPORTED kwenye Debian. Kiswahili kimo mara mbili: sw_KE na sw_TZ. Kongo imo kwa ln_CD, yaani Lingala. Hakuna sw_CD, ingawa Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na ingawa hifadhi ya CLDR ya Unicode inayo sw_CD tayari. Hivyo rekodi ya Kolwezi inagongwa muhuri wa "Jumatatu", na mzee aliyehojiwa akiusoma ana haki ya kudhani ni siku ya tatu.

Baadhi ya walimu wetu wanasema: tumieni sw_TZ, tunafundisha Kiswahili sanifu. Nawaheshimu, na insha hii naiandika kwa Kiswahili hicho hicho. Lakini data ya uwanjani si insha. Wenzangu nao wanasema vijana wa mjini husema lundi, mardi, basi. Kweli, nami husema hivyo. Ila hakuna anayenishawishi kwamba kwa sababu tunachanganya na Kifaransa, mashine ituandikie Kiswahili cha Dodoma.

Faili la sw_CD si kazi ya mainjinia. Ni maandishi matupu: siku, miezi, faranga ya Kongo, neno la ndiyo na la hapana. Darasa moja la isimu linaweza kuliandaa kwa muhula mmoja. Ugumu wake ni wa kwetu hasa: Kiswahili cha Bukavu na Goma si cha Lualaba, na sipendi siku yetu ya posho iwasemee watu wa Kivu. Waserbia walikuwa na mgogoro wa hati mbili wakapata sr_RS@latin kando ya sr_RS. Wavalensia wana ca_ES@valencia. Nafasi iliyo baada ya alama ya @ iko wazi kwetu pia, na cha kuandikwa hapo tungeanza kukijadili katika semina ya lahaja muhula huu.