Kisima cha Sadaka na Sumu Isiyoonekana



Miongoni mwa mambo ya kupendeza katika jamii yetu ni wepesi wa watu kuchangia visima. Mzazi akifariki, watoto wake huchanga, kisima huchimbwa, na jina la marehemu huandikwa kwenye zege ili waja wamkumbuke kwa dua. Makala haya hayakusudii kumvunja moyo yeyote katika wema huo. Yanakusudia kuuliza swali ambalo aghalabu halipewi nafasi katika vikao vyetu: ni nani aliyeyapima maji hayo, na alipima nini ndani yake?

Wenzetu wa Bangladesh walilipata jibu la swali hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1970, serikali ya nchi hiyo, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, ilihimiza uchimbaji wa visima vya pampu za mkono. Nia ilikuwa njema, kwani watoto walikuwa wakifa kwa kuhara kutokana na maji ya madimbwi na mito. Visima vikachimbwa kwa mamilioni, vingi kwa fedha za familia zenyewe. Maji yalitoka maangavu, yasiyo na harufu wala ladha mbaya. Lakini hayakupimwa aseniki, sumu ya asili iliyomo katika tabaka za udongo wa nchi ile.

Sumu hiyo ilithibitishwa visimani mwaka 1993, watu wakiwa wamekwisha kunywa kwa miaka mingi. Aseniki iliyomo katika maji ya namna hiyo haimwangushi mtu siku moja. Madhara yake hujilimbikiza polepole: madoa ya ngozi, ugumu wa viganja na nyayo, kisha saratani za ngozi, za kibofu na za mapafu. Mwaka 2000, makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini.

Katika msiba huo ndipo tunapoona thamani ya utafiti unaofanywa na karakana ndogo. Profesa Abul Hussam ni mzaliwa wa mji wa Kushtia nchini Bangladesh, na amekuwa mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Taaluma yake ya asili ilikuwa kupima, yaani kutambua chembe ndogo mno za kemikali ndani ya maji. Akishirikiana na ndugu yake aliye daktari, A. K. M. Munir, alianza kwa kupima visima vya Kushtia. Baada ya kuijua sumu na kiasi chake, ndipo wakaingia katika kazi ya kuiondoa.

Walichokitengeneza baada ya majaribio ya miaka mingi ni ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ndoo ya juu ina mchanga wa mto na vipande vya chuma vilivyoandaliwa maalumu. Ndoo ya chini ina mchanga, mkaa wa kuni na vipande vya matofali. Maji yanapopita, chuma hushika kutu, aseniki ikanasa kwenye kutu hiyo, na mchanga ukayazuia mabaki. Chujio hilo halihitaji umeme, na bei yake ilikuwa takriban dola 40. Mwaka 2007 Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani ilimtunuku Profesa Hussam dola milioni 1, naye akatenga asilimia 70 ya fedha hizo kwa ajili ya kuwagawia machujio watu wenye uhitaji.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba Bangladesh ni mbali. Basi na tutazame Arusha, Kilimanjaro na mikoa mingine ya Bonde la Ufa, ambako meno ya rangi ya kahawia yamekuwa jambo la kawaida katika vijiji vingi. Hiyo ni alama ya floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yakizidi sana kiwango hicho kwa miaka mingi, huathiri hata mifupa, na mtoto huathirika zaidi kwa kuwa meno na mifupa yake ingali inajengeka.

Huko huko Arusha, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela alibuni chujio la mchanga lililoongezewa chembe ndogo mno za kunasa sumu, kisha akalifanyia biashara. Mwaka 2015 ubunifu huo ulishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Sifa kubwa ya chujio lake ni kwamba huandaliwa kulingana na uchafu uliopatikana katika maji ya mahali husika. Hapo pia, kipimo ndicho kinachotangulia.

Kwa nini kazi za namna hii ni chache? Ni kwa sababu majaribio hula fedha kabla ya kuleta faida, na karakana ndogo haina akiba ya kusubiri. Marekani iliitambua shida hiyo, ikatunga sheria mwaka 1982 iliyozitaka idara za serikali zenye bajeti kubwa za utafiti kutenga fungu kwa ajili ya kampuni ndogo. Shirika lao la kulinda mazingira limetumia mpango huo kugharimia vifaa vya kutambua na kusafisha uchafuzi. Fedha zilitolewa kwa hatua: kwanza wazo lithibitishwe kuwa linawezekana, kisha liendelezwe mpaka likaribie soko.

Nasi tunaweza kuiga utaratibu huo katika kiwango chetu. Sisi tunaoandika mihtasari ya kamati za misikiti tunayajua makadirio ya kisima yanavyokuwa: mchimbaji, mabomba, pampu, tangi, zege. Uongezwe mstari wa kupima maji kabla ya pampu kununuliwa, na mwingine wa kuyapima tena kila mwaka. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Waulizwe kuhusu vijidudu, chumvi na floraidi. Na kwa walio karibu na machimbo ya dhahabu, zebaki na aseniki pia.

Wazazi nao wafahamu kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi wala aseniki. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, sumu hubaki, na kila kikombe huwa nayo zaidi.

Anayekuja kuuza chujio msikitini au shuleni aulizwe maswali manne. Yako wapi majibu ya maabara ya maji ya hapa petu, kabla na baada ya kuchujwa? Ni baada ya lita ngapi vitu vya ndani hubadilishwa? Ni nani atakayerudi kupima? Na mabaki yaliyonasa sumu yatatupwa wapi? Chujio lililochoka halibadilishi rangi ya maji wala ladha yake. Familia huendelea kunywa kwa imani ilhali kinga imekwisha kuondoka.

Bangladesh walipopima visima vyao, vilivyo salama walivipaka rangi ya kijani mdomoni mwa pampu, na vyenye sumu rangi nyekundu. Chenye rangi nyekundu kiliweza kutumika kwa kufulia, lakini si kwa kunywa. Hatua hiyo ni ngumu pale kisima kinapobeba jina la mama yako. Hata hivyo, sadaka haikuwa zege wala jina lililoandikwa juu yake. Ilikuwa manufaa ya wanaokunywa. Kipimo kikitoka kibaya, atakayekipaka kisima cha mzazi wake rangi nyekundu, kisha akatafuta chujio au chanzo kingine, amemfanyia mzazi huyo wema mkubwa.